Matango yamejaa maua lakini vitango vinanyauka: kosa liko wapi?

Swali: "Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, Mbezi, Dar es Salaam. Mwezi wa 12 nilipanda matango aina ya Ashley, mashina 14, nikayafungia kamba ukutani yapande juu. Yamestawi, majani mapana, maua ya njano hayahesabiki. Shida ni kwamba hayashiki. Kitango kinafika urefu wa kidole, ncha inageuka njano, kinanyauka na kudondoka. Nimevuna mawili tu, na yote yalikuwa machungu upande wa kikonyo. Jirani aliniambia maua yasiyo na tunda yanamaliza nguvu ya mmea, kwa hiyo nayachuma kila asubuhi. Niliona video mkulima anakata matawi yote ya pembeni na kubakiza shina moja, nami nikafanya hivyo. Kuzuia inzi nimefunika chanja lote kwa chandarua. Mama mkwe anasema chanzo ni mimi kuingia bustanini nikiwa kwenye siku zangu, basi siku hizo tano namwachia kijana amwagilie, ingawa mara nyingi husahau. Duka la pembejeo wamenishauri ninunue busta ya kushikisha maua. Ninunue ipi?"

Dada yangu, hela ya busta iweke kwanza. Shina linalotoa majani mapana na maua kila kukicha halina njaa, na katika maelezo yako sioni dalili ya ugonjwa. Ninachokiona ni maua jike yanayokosa chavua. Kila ulichofanya umekifanya kwa bidii, na ninajua inavyouma kuamka kila asubuhi kuhudumia mmea usiokupa kitu. Ila karibu ushauri wote uliopewa unafaa tango la aina nyingine, linalolimwa kwa namna nyingine. Ashley ina tabia zake, na tabia hizo zinaanzia kwenye ua.

Kesho saa moja asubuhi, kabla hujachuma chochote, chuchumaa mbele ya shina moja uyatazame maua kwa karibu. Utaona ua lililokaa juu ya kijiti chembamba, mara nyingi yakiwa matatu manne yamejikusanya kwenye kifundo kimoja. Lifunue: katikati kuna ungaunga wa njano unaobaki kidoleni ukigusa. Hilo ni ua dume, na huo unga ndio chavua. Tafuta sasa ua lililokaa peke yake, ambalo nyuma yake pana kitango kamili cha kijani, chenye vinyweleo, urefu wa sentimita 2 au 3. Ndani yake hakuna unga. Pana kinundu kinachong'aa, kimegawanyika sehemu 3, na ukikigusa kinanata. Hilo ni ua jike.

Watu wengi wakikiona kile kitango nyuma ya ua hudhani tunda limeshashika. Bado. Kile ni mfuko wa mbegu, na kipo tangu ua halijafunguka. Ua jike hufunguka asubuhi na mapema, hupokea chavua siku hiyo moja, na likishajifunga mambo yake yamekwisha. Likipata chavua ya kutosha, mbegu huanza kujiumba ndani, na mbegu hizo ndizo zinazouambia mmea upeleke chakula pale. Likikosa, mmea unakata chakula. Kitango kinaweza kurefuka kidogo kwa akiba iliyobaki, hadi kidole kama unavyosema, kisha kinageuka njano kuanzia nchani na kudondoka.

Chavua ya tango ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima ibebwe na mdudu, na kwetu mbebaji mkuu ni nyuki. Tena ziara moja haitoshi. Tango lina mamia ya mbegu changa ndani, na kila moja inahitaji chembe yake ya chavua, kwa hiyo ua jike linahitaji kutembelewa mara 8 hadi 12, au zaidi, ili litoe tunda lililonyooka. Ukiona tango limejikunja kama ndoano, au limenenepa upande mmoja na kusinyaa mwingine, mara nyingi ujue chavua ilifika nusu nusu: lilikonenepa mbegu zipo, liliposinyaa hazipo.

Sasa rudi kwenye bustani yako. Maua dume unayachuma kila asubuhi, na chandarua kinawazuia nyuki. Hata kama nyuki angepenya angekuta hakuna cha kubeba. Maua jike yako yanafunguka kila siku yakisubiri kitu ambacho hakiwezi kufika.

Jirani yako amechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba ua dume halizai tunda na litadondoka lenyewe baada ya siku moja mbili. Ni kawaida pia dume kutangulia jike kwa wiki moja au mbili, na kuwa mengi zaidi kuliko jike msimu mzima. Mtu anayelima kwa mara ya kwanza akiona maua ishirini yamedondoka chini anaingiwa na hofu, na ni haki yake. Lakini nguvu inayotumika kutengeneza ua dume ni ndogo mno, haikupunguzii tunda hata moja. Yaache.

Ile video nayo, nina hakika ilipigwa ndani ya kitalu nyumba. Huko hulimwa matango chotara yanayotoa maua jike karibu matupu na kuzaa bila kuchavushwa, ndiyo maana hayana mbegu ngumu ndani. Kwa matango hayo kweli nyuki hufungiwa nje, kwa sababu chavua ikiingia tunda linavimba ncha na kuharibika umbo. Na kweli hubakizwa shina moja, kwa sababu kila kifundo cha shina kuu kina tunda lake. Mkulima yule alikuwa sahihi kwa mmea wake. Ashley ni mbegu ya kawaida, ina dume na jike kwenye shina moja, na sehemu kubwa ya maua yake jike hutokea kwenye matawi ya pembeni. Ulipoyakata yote ulikata matango.

Matawi yaliyokwisha kukatwa hayarudi, lakini shina kuu bado linapanda na kila kifundo kipya kitatoa tawi. Kuanzia leo fanya hivi: sentimita 30 za chini, kuanzia kwenye udongo, acha wazi bila tawi wala jani lililogusa ardhi, ili hewa ipite. Juu ya hapo acha kila tawi lichomoze. Likishatoa kitango na majani mawili mbele yake, likate ncha. Hivyo unapata maua jike ya pembeni bila chanja kugeuka kichaka.

Chandarua ulikiweka kwa sababu ya msingi, sitaki uone umefanya ujinga. Inzi wa matunda ni adui wa kweli wa matango ukanda wa Pwani. Jike lake hutoboa tunda changa na kutaga humo, funza wanakula ndani, na wewe unaona tango limejikunja likitoa utomvu kwenye kitundu kidogo, kisha linaoza. Unachotakiwa kubadilisha ni muda wa kufunika. Ondoa chandarua kwenye chanja kabisa, acha nyuki wafanye kazi. Kisha ua likishanyauka mbele ya kitango kinachoendelea kunenepa, vika kitango hicho peke yake mfuko wa karatasi au wa kitambaa chepesi kama shashi, ufunge kwa uzi laini juu kwenye kikonyo. Kwa mashina 14 ni kazi ya robo saa kila siku ya pili. Tunda lolote lililotobolewa lisitupwe kwenye lundo la mboji. Lifungie kwenye mfuko wa plastiki uliokazwa, uanike juani siku kadhaa mpaka funza wafe. Na kama chandarua chako ni kile chenye dawa ya mbu, usikirudishe kabisa kwenye mboga. Dawa ile inaua nyuki wanaotua juu yake, na haikutengenezwa kugusana na chakula.

Nyuki hawatarudi siku hiyo hiyo, maana wamezoea kupita mbali na kwako. Ukiwa na mrehani au kivumbasi karibu na chanja, uache uchanue, wanaupenda sana. Wakati huo huo unaweza kuifanya kazi yao kwa mkono. Kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, menya petali zake zote mpaka kibaki kile kiini cha katikati chenye unga, ushike kijiti chake kama unavyoshika kalamu. Pakaza taratibu kwenye kinundu cha ua jike, sehemu zote 3, mpaka uone unga wa njano umebaki juu yake. Dume moja linatosha jike mawili, au matatu kama lina unga mwingi. Ukichelewa hadi mchana, chavua imeshachoka kwa joto na unajisumbua bure.

Uchungu ni jambo lingine kabisa. Tango, kama ndugu zake maboga na matikiti, hutengeneza kemikali inayoitwa kukurbitasini, silaha yake dhidi ya wadudu na wanyama. Kwenye majani na mizizi huwa nyingi, kwenye tunda la aina tunazolima huwa kidogo sana. Mmea ukipata shida, hasa kiu pamoja na joto, kemikali hiyo inapanda hadi kwenye tunda, na hukusanyika zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Ndiyo maana uchungu uliuonja kichwani mwa tango. Ile desturi ya kukata kichwa na kukisugua mpaka povu litoke haivuti uchungu kutoka ndani. Kinachosaidia ni kule kukata tu: ondoa sentimita 2 au 3 za kichwa na umenye ganda nene kidogo. Tango likiwa chungu lote, litupe. Uchungu mkali unaweza kuleta maumivu ya tumbo na kutapika, na mtu aliyelila akazidiwa apelekwe kituo cha afya.

Hapa ndipo nataka kuongea kuhusu mama mkwe, kwa heshima yake yote. Imani kwamba mwanamke aliye hedhini hunyausha maboga na matango ni ya zamani, na walioianzisha waliona kweli vitango vikinyauka. Hawakuwa na namna ya kujua habari za chavua. Mwili wako hautoi kitu chochote kinachoudhuru mmea kwa kupita karibu yake. Ila tazama kinachotokea: kila mwezi siku tano huendi bustanini, kijana anasahau maji, na tango lenye mizizi mifupi kwenye mchanga wa Dar, jua la kaskazi likiwaka, linakaa na kiu. Baada ya hapo unavuna tango chungu, na imani inaonekana imethibitika. Ukiendelea kumwagilia siku hizo kama siku nyingine, uchungu utapungua. Namna ya kulizungumza nyumbani unaijua wewe kuliko mimi. Wengine huona rahisi kumwonyesha mama ua dume na ua jike, wakalipaka chavua pamoja naye, na kumwachia yeye aone kitango kikinenepa.

Kuhusu kiasi cha maji, shina lenye matunda kipindi hiki cha joto linataka lita 2 hadi 3 kwa siku. Mwagia chini kwenye shina, asubuhi, usiloweshe majani, kisha tandaza nyasi kavu au majani ya migomba unene wa vidole vinne ili mchanga usikauke. Kama unatumia maji ya kisima, yaonje. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na tango halivumilii chumvi: kingo za majani huungua rangi ya kahawia na mmea hudumaa. Ukiona hivyo tumia maji ya bomba au ya mvua kwa matango, maji ya kisima yapeleke kwenye minazi.

Nirudi kwenye busta, maana ndilo swali lako. Nyingi ni mbolea za majani zenye madini kidogo kidogo, na hakuna madini yanayoweza kushika nafasi ya chavua. Zipo pia zenye homoni ya jibereli, na kwenye matango homoni hiyo huongeza maua dume, yaani kinyume cha unachokitafuta. Naitrojeni nyingi nayo, iwe ya urea au ya samadi isiyoiva, inasukuma majani na dume. Majani yako ni mapana ya kutosha. Koleo moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila shina, mara moja sasa hivi, itatosha mpaka mavuno ya kwanza.

Chanja lako lenyewe lina kasoro moja, ukuta. Ukuta wa matofali hubeba joto la mchana na kuurudishia mmea mpaka usiku, na joto kali huongeza maua dume kuliko jike. Kwa msimu huu, vuta kamba ziwe mbali na ukuta angalau nusu mita kwa kuweka boriti mbele. Msimu ujao simika chanja huru: mirunda ya mita 2.5, sentimita 60 zikiwa ardhini, kila mrunda mita 2 kutoka mwenzake, waya mmoja juu na mwingine karibu na chini, halafu kamba ya katani kwa kila shina. Katani napendelea kuliko kamba za plastiki kwa sababu msimu ukiisha unakata kila kitu pamoja na mashina na kukitupa kwenye mboji, hukai kuchambua. Mashina yaachane sentimita 40. Kamba izungushie shina kwa fundo legevu linalopitisha kidole, maana shina litanenepa. Mstari ukielekea kaskazini na kusini, pande zote mbili hupata jua, moja asubuhi na nyingine jioni.

Siku ya kusimika mirunda utajiuliza kama gharama inastahili, na jibu langu halinyooki moja kwa moja. Tango lililopanda juu hutoa matunda yaliyonyooka na safi, majani hukauka haraka baada ya mvua hivyo ukungu hupungua, na kwenye uwanja mdogo unapata mashina mengi. Lakini hukauka haraka pia kwa upepo na linakunywa zaidi. Mtu mwenye eneo kubwa na maji ya shida, tango linalotambaa juu ya matandazo linamfaa zaidi. Kwa uwanja wa nyuma ya nyumba kama wako, mimi ningesimika. Na ningepanda Juni, masika yakishaisha, kuliko Desemba. Joto linakuwa limepungua, na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani ambao kwenye masika humaliza tango kwa wiki mbili, hauna unyevu wa kuuchochea.

Ubwiri huo ndio ungenifanya nikuambie usisubiri. Ukiona madoa ya njano yenye pembe, yaliyokatwa na mishipa ya jani kama vipande vya vigae, na chini ya jani kuna vumbi la kijivu, muone afisa ugani wa kata yako wiki hiyo hiyo. Vivyo hivyo majani machanga yakijikunja na kuwa na mabaka ya kijani na njano, ambayo ni dalili ya virusi wanaoletwa na vidukari, au shina likilegea mchana ingawa udongo una maji. Kwa hilo la mwisho ng'oa shina moja zima, mizizi ikiwa na vinundu kama shanga ni minyoofundo, yaani minyoo midogo inayoshambulia mizizi. Mpelekee afisa mmea mzima na mizizi yake, umefungwa kwenye gazeti, usimpelekee jani moja. Akikushauri kupulizia dawa, hakikisha kibandiko kina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na pulizia jioni nyuki wakisharudi mizingani.

Kama hujaona dalili hizo, nataka ufanye jaribio moja, ili usiniamini kwa maneno tu. Chagua maua jike 10. Matano yapake chavua kwa mkono na uyafunge uzi mwekundu kwenye kikonyo. Matano mengine yafunge uzi mweupe, na kila moja ulivike mfuko wa karatasi jioni ya kabla halijafunguka, nyuki asilifikie. Siku ya tatu tazama. Vyenye uzi mwekundu vinatakiwa viwe vimekolea rangi ya kijani, vimenenepa na kuanza kuinama kwa uzito. Vyenye uzi mweupe vitakuwa vinageuka njano. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 12 vya mwekundu vitakuwa tayari kuchumwa. Vichume vikiwa vya kijani, maana tango moja likiachwa lizeeke na kuwa njano juu ya shina, mmea hupunguza kutoa mengine. Ikitokea vyenye uzi mwekundu navyo vimenyauka, na maji umemwagilia kila siku, basi chavua haikuwa tatizo peke yake. Hapo ng'oa shina moja na uende nalo kwa afisa ugani.